Diski Iliyotaka Kunifunga Mdomo

Kwa aliyechelewa kuingia kwenye safu hii: mimi ndiye yule niliyefukuzwa kazi ya kuchapa kadi za harusi, kwa sababu nilimtungia bwana harusi ubeti wa kweli badala ya ubeti wa sifa. Baba akasema nyumba yake haiwezi kubeba watu wawili wenye kauli ya mwisho. Nikachukua mfuko mmoja wa nguo na madaftari manne ya mashairi, nikaenda kwa dada yake, shangazi yangu, mwenye ukumbi wa gemu.

Shangazi hakuniuliza kitu. Alinipa godoro kwenye stoo, akanipa ufunguo wa mlango, akasema:

"Kompyuta kumi na mbili. Zisife. Na wewe usife. Mengine tutajua mbele."

Wiki zilizopita mlinisikia nikimlaumu bosi, nikimlaumu baba, nikimlaumu bwana harusi na kamati yake. Wiki hii sina wa kumlaumu. Mwovu ni mimi, na silaha yangu ilikuwa kompyuta namba saba.

Nianze na dhambi ndogo, maana ndiyo nyepesi kutamka. Mimi ni mpigaji mbovu. Katika ile gemu ya vita ambayo ukumbi mzima uliishi kwayo, nilikuwa nakufa kabla sijageuza shingo. Mwenye shabaha alikuwa mchomeleaji mmoja wa mageti ambaye tulimwita Kimya. Anaingia, anavaa hedfoni, anaua, anavua hedfoni, anaondoka. Kwa mwezi mzima nilimsikia akisema maneno sita, na mawili yalikuwa "hodi".

Kimya ndiye aliyeongoza kikosi cha ukumbi, watu watano wazima wenye kazi zao. Kila jioni walicheza na yeyote aliyethubutu, na watu walijaa nyuma ya viti kuwatazama. Kikosi ndicho kilicholeta watazamaji, na watazamaji ndio waliojaza mashine. Shangazi alisomesha mabinti wawili kwa ukumbi ule. Hilo likumbukeni.

Sasa sikilizeni jinsi mpigaji mbovu alivyokuwa mfalme.

Gemu ile haianzi mpaka kompyuta zote ziwe zimeifungua. Moja ikichelewa, wote wanangoja. Na namba saba, mashine yangu, ilikuwa na diski kuukuu kuliko zote: ile yenye sahani ya chuma inayozunguka ndani, na sindano inayohangaika juu yake kama mzee anayetafuta miwani iliyo usoni mwake. Dakika mbili na sekunde kumi. Watu kumi wamekaa, vidole juu ya mausi, wanatazama mstari unaojaa polepole.

Hapo mimi napanda juu ya kiti.

*Mwakimbia na kuhema, nyuma ya ukuta wenu,*
*Mkisikia nasema, hulegea nguvu zenu,*
*Bunduki zimewagoma, na macho si macho yenu,*
*Semeni kwaheri mama, leo ndiyo siku yenu!*

Meza zinapigwa. Watu wanalia kwa kicheko. "Redio! Redio!" Ndilo jina walilonipa, na mimi nililivaa kama koti la sikukuu.

Kisha gemu inafunguka, napigwa risasi ya kwanza, nakaa nikitazama dari. Lakini nani anakumbuka kifo changu? Wanakumbuka ubeti. Sikusomea ushairi popote. Nilijifunza kwa kuhesabu mizani kwenye vidole nikiwa foleni ya maji. Na hapo, juu ya kiti cha plastiki kilichopasuka mguu, nilikuwa na hadhira ambayo baadhi ya wenye vyeti hawataipata mpaka wazikwe.

Basi ng'ambo ya barabara ukafunguliwa ukumbi mpya. Ukutani wakapaka rangi kwa herufi kubwa kama ng'ombe: HUMU HAKUNA KUSUBIRI.

Wa kwanza kuvuka kwenda kuchungulia alikuwa mwalimu wa hesabu, mmoja wa wale watano. Alirudi macho yamemtoka.

"Sekunde kumi na nne!" akasema. "Nimehesabu mwenyewe. Unabonyeza, unakohoa, uko ndani."

"Wana kompyuta gani hao?" akauliza shangazi.

"Kama hizi hizi. Ila ndani wametoa diski za zamani, wameweka SSD."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Diski isiyo na kitu kinachozunguka, shangazi. Kama ilivyo ndani ya simu yako. Huoni simu haikungojeshi?"

"Simu yangu inaningojesha kila siku."

"Huyo ni mtu unayempigia."

Watu wakacheka. Kimya hakucheka. Alichana kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu ya kuchorea vyuma, akakiweka mbele ya shangazi: JUMAMOSI SAA SITA MCHANA. ZIBADILISHWE AU TUNAVUKA.

Shangazi akakisoma mara mbili. Akakikunja, akakitia kifuani, kama mtu anayeficha karatasi ya daktari.

Kikosi kikivuka, watazamaji wanavuka. Watazamaji wakivuka, ukumbi unabaki na shangazi, mimi na feni. Sihitaji mwalimu wa hesabu kunifanyia hesabu hiyo.

Akaitwa Fundi. Huyu ni dada mmoja aliyekuwa akija kila mwezi kuzisafisha mashine, bisibisi nyuma ya sikio, mdomo mkavu, mkono wa dhahabu. Mimi na yeye tulikuwa hatuivi chungu kimoja, kwa kuwa nilipomtungia ubeti wa kwanza aliniuliza kama nimeshafuta vumbi kwenye feni.

Shangazi akamkalisha. "Mwanangu, niambie ukweli, mimi si mtaalamu. Nikinunua hizo SSD, gemu zitakuwa nzuri zaidi?"

"Nzuri vipi, mama? Picha ni zilezile. Kasi ya picha ni ileile. Shabaha ni ileile. Wa kufa atakufa."

"Sasa zina faida gani?"

"Zinaondoa kusubiri. Mashine inawaka upesi, gemu inafunguka upesi. Na zile gemu za dunia kubwa, unapokimbia na nyumba zinachelewa kutokea mbele yako, hilo nalo linapungua. Basi. Kama mteja wako anachukia kusubiri, nunua. Kama hachukii, zime taa ulale."

Wasomaji, jibu safi kuliko hilo sijawahi kulisikia kwa muuzaji yeyote. Hakupaka sukari. Na lilinichoma kama pasi, kwa sababu walichotaka kukiondoa ndicho nilichokuwa nakikalia. Watu walikuja kucheza vita. Mimi nilikuwa naishi ndani ya kule kusubiri.

Nikaruka. "Shangazi, tusiuziwe mbuzi kwenye gunia! Watu wa vyuma hawa wana maneno matamu. Zipimwe kwanza. Zipimwe mbele yako, kwa saa, uone kwa macho yako."

Shangazi akanitazama kwa fahari iliyonitia joto. "Mnamsikia mtoto wa kaka yangu? Ana akili huyu. Baba yake tu ndiye hajui."

Fundi akainua mabega. "Kesho saa tatu asubuhi. Nitaleta moja ya mfano, naiweka kwenye namba nane. Namba saba na nane ni pacha, tofauti itakuwa diski peke yake."

Sasa hapa ndipo kwenye uchafu.

Mwezi mmoja nyuma, Fundi huyohuyo alinieleza jambo bila kuombwa. Kwamba ukifungua gemu, ukaifunga, ukaifungua tena bila kuzima mashine, mara ya pili inakuja haraka, kwa kuwa kompyuta bado inaikumbuka kichwani. Haina haja ya kurudi kwenye diski kuitafuta. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Lakini sikio hilo moja lilihifadhi.

Asubuhi ile saa mbili, kabla mtu hajafika, nikawasha namba saba. Nikafungua gemu. Nikangoja dakika zangu mbili na sekunde kumi, peke yangu, bila hadhira. Nikaifunga gemu. Mashine nikaiacha ikiwaka, nikafagia ukumbi huku napiga mluzi kama malaika.

Saa tatu wakaja. Fundi akafungua kasha la namba nane, akatia ile SSD, ndogo nyembamba kama kipande cha chokoleti, akaweka mfumo wa kuendesha kompyuta na ile gemu moja tu. Akageukia namba saba, akaweka kiganja juu yake.

"Imewashwa muda gani?"

"Sasa hivi. Nimeiandaa."

"Umefungua chochote?"

"Mimi? Hata dirisha la stoo sijafungua."

Alinitazama kidogo. Kisha akatoa simu yake kuhesabu sekunde.

Namba nane, yenye SSD: sekunde kumi na tisa.

Namba saba, ajuza wangu: sekunde ishirini na saba.

"Sekunde nane?" shangazi akashika kiuno. "Nane! Hata kupiga chafya vizuri hazitoshi!"

Fundi akakunja uso. "Hii saba kila siku inachukua dakika mbili."

"Nimeisafisha feni," nikasema. "Si ulinifundisha?"

Akapima kasi ya picha ndani ya gemu. Sawasawa, hazikuzidiana hata kidogo, kama alivyokuwa ametabiri mwenyewe. Ukweli wake ukawa shahidi wa uongo wangu. Nikamwona akifungasha vifaa, ametatizika, na nikajisikia mshindi. Ndiyo, niandikeni hivyo hivyo. Sikuona haya. Niliona haya siku ya pili, na hata hapo kwa kulazimishwa.

Siku ya pili ilikuwa Ijumaa. Mchana shangazi akawaita kikosi chote na wateja wa kawaida, akamwita na Fundi aje aseme matokeo. Ukumbi ukajaa. Shangazi akasimama akasema kwamba amepima, ameona, na hanunui; wanaotaka kuvuka kwa sekunde nane wavuke. Kisha akanipa mimi nafasi.

Nikapanda kiti.

*Mwasifu diski ya kasi, kama dawa ya uoga,*
*Aliyekosa risasi, haponi kwa kujikoga,*
*Upesi si ufanisi, vita si kupiga soga,*
*Utakufa kwa wepesi, uzikwe ukiwa boga!*

Mnajua kilichotokea? Walishangilia! Mwalimu wa hesabu alipiga meza mpaka kikombe kikaanguka. Watu wakaanza kusema kweli bwana, tulikuwa tunafuata upepo tu, mchezaji ni mkono. Nikainama kama mwigizaji. Nilikuwa nimeuokoa ukumbi kwa ubeti mmoja na udanganyifu kidogo. Na kama dunia ingekuwa na adabu, hadithi ingeishia hapo.

Kimya akavua hedfoni.

Akatembea mpaka namba saba. Akainyooshea kidole.

"Zima," akasema. "Washa."

Maneno mawili. Ukumbi ukanyamaza, maana Kimya akisema mawili ni kama wengine wakihutubia.

"Haina haja," nikasema. "Imeshapimwa."

"Mwanangu," akasema shangazi, kwa upole wa mtu asiye na wasiwasi, "zima uwashe, waone. Tunaficha nini?"

Nikazima. Nikawasha. Kuwaka peke yake kukachukua muda wa mtu kunywa chai. Mwalimu akashika saa. Nikabonyeza gemu.

Wasomaji, mimi nimeungoja mstari ule mara mia na zaidi. Siku zote nikiwa juu ya kiti. Siku ile nilikuwa chini, nimesimama kando yake kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu, na ule mstari hauendi. Unasogea unywele mmoja, unapumzika. Sindano inakwaruza ndani. Krr. Krr. Watu arobaini wanatazama kioo. Mmoja nyuma akasema, "Redio, imba basi!" na mwingine akamwambia, "Nyamaza, betri imeisha."

Sikuwa na ubeti. Sikuwa na mizani hata nane. Nilifungua mdomo, ulimi ukakaa kama kandambili iliyoloa.

"Dakika mbili," akasoma mwalimu, "na sekunde kumi na moja."

Shangazi hakunigeukia mimi. Hicho ndicho kilichonimaliza. Alimgeukia Fundi.

"Jana ulinipimia nini wewe?"

"Mama..."

"Ulikuja na simu yako, ukahesabu, ukanionyesha ishirini na saba. Leo mia moja na thelathini na moja. Nimesimama mbele za watu nimesema kwa kinywa changu. Ulitaka nini? Wa ng'ambo wamekutuma nisinunue, nife vizuri?"

"Hapana, mama."

"Nimekuachia mashine zangu miaka mitatu! Toka. Chukua bisibisi yako. Usirudi."

Fundi hakujitetea. Alinitazama mimi. Hakunitazama kwa kuomba, wala kwa hasira. Alinitazama jinsi anavyotazama waya uliokatika, akijua umekatikia wapi, akingoja tu kuona kama utatoa cheche.

Akachukua mfuko wake. Akafika mlangoni.

"Shangazi, ni mimi."

Lilikuwa neno langu la kwanza katika ukumbi ule lisilo na kina wala mizani, na lilitoka na sauti ya mtoto aliyevunja bakuli.

"Wewe nini?"

"Niliifungua gemu kabla hamjaja. Ikawa inaikumbuka. Fundi hakujua. Alipima kweli, mimi ndiye niliyempa uongo aupime."

Shangazi akakaa chini polepole. "Kwa nini?"

Ningeweza kusema nililinda akiba yake. Lilikuwa jibu zuri, lilikuwa limeshanifika kwenye meno. Nikamtazama Fundi mlangoni, likarudi chini.

"Kwa sababu ya zile dakika mbili," nikasema. "Ndizo mnazonisikiliza. Zikiondoka, sina... mimi nitakuwa nafagia tu."

Kisha Kimya mwenyewe, yule mtu wa maneno sita kwa mwezi, akainua hedfoni zake juu ili kila mtu azione.

"Unadhani hizi nazivaa kwa ajili ya nini? Gemu ikiwa haijaanza, haina sauti." Akanigeukia. "Nazivaa kwa ajili yako."

Nilidhani nimeshawahi kusikia watu wakicheka. Sikuwa nimewahi. Mwalimu alilala juu ya meza. Mtu mmoja alitoka nje ili acheke kwa nafasi, tukawa tunamsikia dirishani. Na mimi, mwenye madaftari manne, niliyemnyoa bwana harusi bila maji mbele ya wakwe zake, nilisimama pale masikio yakiwaka moto.

Shangazi ndiye pekee ambaye hakucheka.

"Mwanangu, rudi," akamwambia Fundi. "Nisamehe. Nilikasirikia mlango nikampiga mpita njia." Akamvutia kiti. "Hizo diski unaweza kuzipata leo?"

"Kumi na moja, leo jioni. Pamoja na ile ya mfano zinatimia kumi na mbili. Lakini kwa kesho saa sita sitamaliza peke yangu."

"Hutakuwa peke yako." Akaninyooshea kidole bila kunitazama. "Huyu aliyeziba njia ataizibua kwa kucha zake. Na wewe sikiliza. Baba yako alikufukuza, mimi nikasema kaka yangu hana subira. Kesho saa sita, mashine moja tu ikiwa haiko sawa kwa sababu yako, nitampigia simu nimwombe radhi yeye. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi. Sitakudanganya tena. Naapa."

"Usiape. Shika bisibisi."

Jumamosi tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Lazima niseme haki: Fundi hakunisimanga hata mara moja. Alinifundisha. Mashine unaifungua, SSD unaiunganisha kando ya diski ya zamani, unaendesha programu inayonakili kila kitu kutoka ya zamani kwenda mpya, mia kwa mia, kisha ya zamani unaitoa. Upande mmoja wa kioo unachagua diski ya kutoka, upande wa pili diski ya kwenda. Ukimaliza, mashine inaamka ikidhani haijawahi kuhama, ila inashangaa mbona imekuwa kijana.

Kwa kila mashine alibandika utepe wa karatasi juu ya diski zote mbili, akaandika kwa kalamu KUTOKA na KWENDA, akanisomesha kwa sauti kabla ya kubonyeza.

"Unanifanya mtoto wa chekechea," nikamwambia kwenye namba tano.

"Chekechea hawafuti vitu vya watu."

Ilipofika saa nne na nusu, kumi na moja zilikuwa tayari. Namba saba ilifungua gemu kwa sekunde ishirini. Nilitazama kiti changu cha plastiki, nikakisogeza ukutani.

Ikabaki ya mezani kwa shangazi, tuliyoiita mashine mama. Hiyo ndiyo iliyobeba ukumbi. Majina ya wateja wote yalikuwa humo, na hatua zao zote: vyeo walivyopanda, silaha walizofungua, ramani walizomaliza, jioni kwa jioni, miaka mitatu. Ng'ambo unaweza kwenda na kidole chako, lakini cheo chako kilikuwa ndani ya diski ile. Kimya peke yake alikuwa na miaka mitatu mle ndani.

Diski iliyobaki ilikuwa ile ya mfano, yenye mfumo na ile gemu moja ya kipimo.

Fundi akaiunganisha, na kabla ya kubandika utepe akasita. "Hii hatuigusi bila nakala ya akiba. Nina diski tupu ya nakala nyumbani, ni dakika ishirini kwenda na kurudi. Kaa hapa. Usibonyeze kitu."

"Nimekusikia."

"Sema, sitabonyeza kitu."

"Fundi, mimi si mtoto."

Akaondoka.

Saa tano kasoro mwalimu wa hesabu akaingia, amewahi, anatafuna kijiti cha meno. Nyuma yake Kimya na wengine watatu. Wakazunguka wakijaribu mashine, wakipiga miluzi ya kustaajabu. Mwalimu akaja mezani.

"Hii bado?"

"Bado."

"Mbona hufanyi?"

"Fundi anakuja."

"Aaah!" Akawageukia wenzake. "Kumbe Redio wetu amepata cheo! Mbeba bisibisi wa Fundi! Haya mbebaji, tuletee na maji."

Wakacheka. Kicheko kidogo, si kama cha jana. Lakini kilikuja juu ya kidonda kibichi.

Nilikuwa nimezifanya kumi na moja kwa mikono yangu. Nilijua kila hatua. Ni nini kilichobaki nisichokijua?

Nikakaa. Nikafungua programu. Diski mbili zikatokea kwenye kioo, ukubwa uleule, majina yale yale ya namba tu, sifuri na moja. Nikachagua ya kushoto. Nikachagua ya kulia. Programu ikaniuliza: vitu vyote vilivyomo kwenye diski ya kwenda vitafutwa, una uhakika? Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena. Ndiyo. Mwenye kiburi haulizwi mara tatu, lakini ile programu ni ya watu wema, iliuliza ya tatu. Ndiyo!

Ikaanza. Nikaegemea nyuma, mikono kichwani, nikamtazama mwalimu.

"Maji utachota mwenyewe," nikamwambia.

Chini ya mstari yalikuwa yakipita majina ya vitu vinavyonakiliwa. Nikayasoma nikitegemea kuona majina ya wateja. Ikapita gemu. Ikapita sehemu nyingine ya gemu ileile. Tena gemu ileile. Ile moja ya kipimo.

Nikainamia kioo, pua karibu ikiguse.

Nilikuwa namimina kikombe kitupu ndani ya mtungi uliojaa. Ile diski ya mfano ilikuwa inajiandika juu ya miaka mitatu ya ukumbi, na mtungi ulikuwa unamwagika mbele ya macho yangu, taratibu, kwa adabu, na asilimia zake pembeni.

Nne. Tano.

Nikisimamisha, kilichofutika kimefutika. Nikiacha, kila sekunde inakula cheo cha mtu. Nikamtafuta Kimya kwa macho. Alikuwa amekaa namba saba, hajavaa hedfoni. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anatabasamu. Akavuta kiti, akaja nacho mpaka mezani kwangu, akakaa.

"Jina langu litahamia na cheo changu?" akauliza.

Saba. Nane.

Shangazi akatokea mlangoni amevaa kitenge chake kizuri, kile cha siku za ushindi. Nyuma yake, kupitia dirishani, nilimwona Fundi akisubiri magari yapite avuke barabara, diski ya nakala amebana kwapani.

"Mwanangu," shangazi akaita kwa sauti ya furaha, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu lile boksi liandikwe. "Inaenda?"

Kumi na moja.

"Inaenda, shangazi," nikasema. "Inaenda vizuri."